Gundi na Televisheni Isiyosikia

"Dada yako amenihama, shemeji! Chakula kipo, nyumba ipo, mume yupo, televisheni kubwa kama meza ya kulia ipo. Yeye hayupo!"

"Kahamia wapi?" nilimuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Kwa yule jirani mshonaji. Jua likilegea tu, huyo, mtandio begani, mbio kwenda kutazama tamthilia kwa watu. Na hizohizo tamthilia kwake zipo, zimelipiwa!"

"Si azitazame za kwake basi?"

"Hazifunguki."

"Hazifunguki kwa nini?"

"Kaiharibu televisheni. Kabonyeza rimoti, kabonyeza, kwa vile vidole vyake vya kukandia unga, mpaka mashine ikachanganyikiwa. Sasa mimi kaniachia maiti ukutani, yeye kakimbilia kwa wenye uhai."

Maneno haya aliyasema dukani kwangu, ninapouza ndoo na mabeseni, amekaa juu ya ndoo niliyoipindua. Na aliyasema kwa ile sauti yake aliyozoea kushindana nayo na msumeno, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wanachagua mabeseni. Nilimkonyeza anyamaze. Shemeji yangu hajui kukonyezwa. Aliniuliza kama jicho linaniuma. Wale wanawake wakaacha kuchagua mabeseni, wakawa wanayashika tu. Nikajua palepale kwamba maneno yatafika kwa dada kabla mwenyewe hajafika, na yatafika yamenenepa.

Huyu shemeji ni seremala. Mtaa mzima unamwita Gundi, na mwenyewe anaitika, maana hatumii msumari. Akiona msumari kwenye kiti cha mtu hutikisa kichwa kama mganga aliyeletewa mgonjwa amechelewa. Yeye huchonga ulimi wa ubao huu uingie kwenye kinywa cha ubao ule, akapaka gundi aliyoichemsha mwenyewe, akabana, akaacha hadi kesho yake. Kikishakauka, hata yeye aliyekitengeneza hawezi kukiachanisha. Kitanda alichomfanyia dada walipooana hakijawahi kulia hata mara moja, na dada husema hivyo mbele za watu bila kuona haya.

Kwa kazi yake, basi, sina la kusema. La kusema ninalo kuhusu mdomo wake. Tangu nimfahamu, Gundi hajawahi kukosea kipimo. Mlango ukigoma kufunga, nyumba ndiyo iliyoinama. Droo ikikwama, ni kwa sababu mwenye droo anapiga deki kwa maji mengi mno, mbao imekunywa. Meza ikicheza, sakafu ina mlima. Mwaka aliponitengenezea rafu hapa dukani ilikuja fupi kwa kiganja kizima. Akaitazama rafu, akautazama ukuta, akarudi akanitazama mimi kwa huruma. "Shemeji," akasema, "hili duka lako limetanuka." Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha pale palipobaki nikapanga miche ya sabuni.

Lakini mimi ni shemeji wa kike tu, nacheka narudi kwangu. Dada ndiye anayelala kwenye nyumba iliyoinama.

Televisheni yenyewe aliileta binti yao, anayefanya kazi mbali, alipokuja likizo. Ni zile za kisasa zinazojua mtandao. Aliiweka juu ya meza sebuleni, akafunga kisanduku cha intaneti pembeni, akawalipia wazazi huduma ya filamu na tamthilia, akakaa na mama yake kumfundisha: hapa unawasha, hapa unachagua, hapa unasimamisha ukienda kuepua chungu. Vyote hivyo kwa rimoti ya televisheni yenyewe, nyeusi, nyembamba, yenye vitufe vichache. Baba mtu hakutaka kufundishwa. Yeye taarifa ya habari anaipata kwenye king'amuzi chake cha siku nyingi, chenye rimoti yake ya siku nyingi iliyofungwa kwa mpira, na akasema dunia inayoonekana humo inamtosha.

Dada alinasa kwenye tamthilia ya familia moja yenye hoteli. Kuna mjane, kuna mashemeji wanaoitaka hoteli, na kuna mpishi ambaye mpaka sasa hatujui kama ni mtoto wa marehemu au ni mpishi tu. Asubuhi dada akipita dukani ananisimulia jana nani kamwekea nani sumu, na mimi wateja wangu nawasahau.

Kisha binti akaondoka, na Gundi akabaki anaitazama ile televisheni juu ya meza, na roho ikawa inamuuma. "Kitu alicholeta mtoto wangu kikae juu ya meza kama sufuria?" Akaibeba kwenda nayo karakana. Ilikaa huko kiasi cha kumfanya dada aanze kwenda kwa jirani mshonaji, kwa muda tu, asipitwe na mambo ya hoteli. Iliporudi, ilirudi imo ndani ya kabati la mninga lililojaza ukuta mzima.

Nisimnyime mtu haki yake. Ni kabati zuri. Siku nilipoliona nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari mdomoni, nikayameza. Mbao zinang'aa kama zimepakwa asali, milango inajifunga kwa kunong'ona, na pale katikati televisheni imekumbatiwa na fremu nene, nyororo, pande zote nne, hata wembe haupiti. Kinachoonekana ni kioo peke yake. Ameiingiza televisheni kwanza, ndipo akaufunga ubao wa mwisho. Kwa gundi.

"Ikiharibika itatokaje?" nilimuuliza siku ile.

"Haitaharibika."

"Lakini ikiharibika?"

"Shemeji, usiitie nuksi kazi ya mtu."

Dada akachukua rimoti, akabonyeza. Kimya. Akasogea karibu, akabonyeza. Kimya. Si kwamba umeme haupo. Ukiwasha swichi ya ukutani televisheni inawaka vizuri na taarifa ya habari inakuja, kwa sababu king'amuzi kimekaa kwenye rafu yake ya wazi na kina rimoti yake. Lakini ile huduma ya tamthilia, ambayo hufunguliwa kwa rimoti ya televisheni, haikuitika abee wala naam.

"Iliingia kwenye kabati inasikia," dada akasema, "sasa imo humo haisikii. Ni hili kabati."

"Kabati lina waya?" Gundi akamuuliza. "Mbao ina umeme? Nionyeshe mahali mbao inapogombana na rimoti."

Hapo, lazima tukubali, alikuwa na hoja. Mimi na dada tulitazamana, tukakosa la kujibu. Mtu akishakuona huna la kujibu anajiona kashinda, na mtu aliyeshinda hakawii kutafuta mkosaji. Ndiyo asili ya vidole vya kukandia unga.

Jioni ya siku aliyokuja kulalamika dukani, baada ya kufunga duka, nilipita kwa mshonaji kuona hali ya hewa. Ni chumba kimoja cha mbele, nusu karakana nusu sebule. Cherehani imesukumwa pembeni na gauni la mtu likiwa bado limebanwa kwenye sindano, na vipande vya vitambaa vimejaa chini mpaka huoni zulia. Televisheni yake ni ndogo, kioo kimepata ufa pembeni, lakini inasikia. Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kama aliyezaliwa pale.

"Karibu, mdogo wangu," akaniambia, macho yakiwa kwenye hoteli. "Njoo uvione vidole."

"Dada, alikuwa na hasira."

"Mimi sina hasira. Unaniona nina hasira? Vidole hivi vimemkandia unga tangu ana nywele kichwani, hakuwahi kuvilalamikia. Leo vimeua televisheni. Na hakuja kuniambia mimi. Kaenda kuwaambia wanunua mabeseni."

"Sasa unataka nini?"

"Namdai. Alinisema mbele ya watu, na neno lake atalichukua mbele ya watu. Kupika nitapika kwangu, kulala nitalala kwangu. Jioni yangu, mpaka alipe, iko hapa."

Mshonaji akadakia bila kugeuza shingo. "Mimi simfukuzi. Ila mwambie apunguze maswali. Kila anayeingia kwenye ile hoteli anauliza huyu nani."

"Si nilikosa vipande wakati televisheni yangu iko karakana!"

"Haya, huyo ni wakili. Nyamaza."

Nilimpelekea Gundi ujumbe kama ulivyo, sikuutia chumvi, kwa sababu chumvi ilikuwamo ya kutosha. Alinisikiliza huku anapiga randa ubao uliokwisha kuwa laini siku nyingi. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Jioni nyumba ina sauti ya friji tu, shemeji. Linaunguruma, linanyamaza, linaunguruma. Sina hata wa kumwambia mteja gani kanisumbua."

"Basi mlipe."

"Nilipe nini? Nikubali kwamba mbao ina umeme?"

Huyo ndiye mtu wetu. Hakulipa. Aliamua kuitengeneza televisheni ili dada arudi kwa hiari yake na lile neno lifie njiani.

Alianza na betri mpya. Akafuata rimoti mpya, pacha wa ile ya kwanza. Akabonyeza akiwa amesimama, akabonyeza akiwa amepiga magoti, akabonyeza kutoka mlangoni kana kwamba anamvizia mwizi. Kisha akasema tatizo ni mtandao umechoka kusafiri, akakibeba kisanduku cha intaneti akakizungusha nyumba nzima, mwisho akakipandisha juu ya kabati, chini yake akatandika kitambaa kisije kikakwaruza mninga. Nilimkuta siku moja anaisemesha. "Mama yangu, nimekukosea nini?" anaiuliza televisheni. Nikamwambia, shemeji, hapo sasa tupige simu kwa wenye huduma kabla hujaanza kujibiwa.

Tulipiga kwa simu yangu, nikaweka spika ya nje. Ukaja muziki kwanza, mrefu, na Gundi akausikiliza amesimama wima kama yuko kwenye gwaride. Kisha akaja binti mwenye sauti laini.

"Karibu, mteja wetu. Nikusaidie nini?"

"Televisheni yangu haisikii."

"Pole sana, mzee. Haitoi sauti?"

"Sauti inatoa. Haisikii. Nikibonyeza rimoti, haisikii."

"Umejaribu kubadilisha betri?"

"Nimebadilisha betri, nimebadilisha rimoti, imebaki kubadilisha mke."

Nikamfinya.

"Basi tuifungue kwa kitufe cha nyuma ya televisheni, mzee. Pitisha mkono nyuma yake."

"Nyuma hakufikiki."

"Imebanana na ukuta?"

"Imo ndani ya kabati."

"Naomba uitoe kwenye kabati, tuangalie pamoja."

"Haitoki."

"Imekwama?"

"Haijakwama!" Gundi akapandisha. "Imekaa. Nimeifunga mwenyewe, kwa gundi."

Upande wa pili yule binti akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayekimbia kicheko.

"Sawa, mzee. Ukiitazama kwa mbele, kwenye ukingo wa chini wa kioo, unaona kitaa kidogo chekundu?"

"Kwenye ukingo wa kioo kuna mninga."

"Kuna nini?"

"Mninga. Mbao. Mbao yenyewe, si hizi za kubandika karatasi."

"Yaani mbao imefunika ukingo wa televisheni?"

"Pande zote nne. Sawasawa."

"Basi ndiyo hiyo, mzee. Hapo kwenye kitaa ndipo jicho lake lilipo. Rimoti inatuma mwanga ambao sisi hatuuoni, lile jicho linaupokea. Wewe umeifunga kitambaa usoni, halafu unaipungia mkono."

Gundi akaitazama simu. Akanitazama mimi. "Mtandao unakatika," akasema, akanyoosha kidole akakata simu.

"Shemeji, mtandao haukukatika."

"Ulikuwa unaelekea kukatika."

Kisha akageuka akalitazama kabati lake, na nikaona mabega yake yanashuka. Sikumcheka. Nilitaka, lakini sikuweza. Alipitisha kiganja kwenye ule ubao wa chini, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto homa.

"Utoe huo ubao wa chini," nikamwambia.

"Huu ndio umeushika wa kulia. Wa kulia umeshika wa juu. Nikitoa mmoja nimebomoa nyumba."

"Ukate basi sehemu ndogo."

"Tundu," akasema. "Tundu dogo kama punje, mbele ya hilo jicho. Mwanga wake upite hapo."

Wazo lilikuwa zuri. Swali likawa, mbele ya jicho ni wapi? Boksi la televisheni lilikuwa na picha yake, lakini boksi lenyewe lilishachomwa kuchemshia gundi kule karakana. Nikamwambia ampigie binti yake amuulize. "Nimpigie mtoto nimwambie zawadi yake nimeiziba jicho, sasa anisaidie kukumbuka nimeziba wapi? Bora nife na kabati langu." Akachukua kekee, akaiwekea ncha ndogo kuliko zote, akapima ubao wa chini kutoka kulia na kutoka kushoto.

"Litakuwa katikati," akasema. "Aliyeitengeneza ni fundi, na fundi yeyote mwenye akili angeliweka katikati."

"Wewe una macho mawili, na hakuna hata moja lililoko katikati."

"Pua je?"

Nikamwacha atoboe. Kekee ilizunguka, unga mwekundu wa mninga ukamwagika chini kidogo kidogo, na kila ulivyomwagika yeye alimeza mate. Alipotoa ncha tukachungulia wote wawili, shavu kwa shavu. Plastiki nyeusi. Tukabonyeza rimoti. Televisheni ikatutazama hivyohivyo na mtu wa habari akaendelea kusoma bei za mafuta.

Akahamisha ncha upande wa kushoto, akashika, akaiondoa. Akahamisha kulia, akaiondoa. "Nikitoboa tena kwa kubahatisha," akasema, "hili halitakuwa kabati tena. Litakuwa filimbi."

"Yupo mtu mmoja anayejua jicho liko wapi," nikamwambia. "Yule aliyekuwa anaipangusa vumbi kila asubuhi ilipokuwa juu ya meza."

Alikaa kwenye mkono wa kochi, kekee mapajani, akakaa muda mrefu kiasi kwamba friji liliunguruma likanyamaza, likaunguruma tena. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba wangu. Kisha akainuka ghafla, akatoka, na kekee yake mkononi, hata vumbi la mninga hakujipangusa ndevuni. Nikafunga mlango wa watu nikamfuata mbio.

Kwa mshonaji ilikuwa patashika. Mjane amegundua barua ya benki, mashemeji wanakana, mpishi amesimama na kisu, hatujui kama cha vitunguu au cha watu. Gundi akapiga hodi mlangoni. Akapiga ya pili.

"Karibu, ila usizibe kioo," mshonaji akasema.

Akaingia kwa ubavu, akasimama kando ya cherehani.

"Mama watoto."

"Abee."

"Lile jicho la televisheni. Kile kitaa chekundu. Kilikuwa upande gani?"

Mimi nikavuta pumzi. Ningekuwa mimi ndiye dada, hapo ningembana. Ningemuuliza jicho gani, la televisheni ipi, ile niliyoiua kwa vidole? Ningemkalisha chini anililie. Dada aliitazama ile kekee, akayatazama yale mavumbi ndevuni, na uso ukambadilika.

"Umetoboa?"

"Kidogo."

"Wapi?"

"Katikati."

Dada akafumba macho kama aliyechomwa sindano. "Umelitoboa lile kabati? Ule mninga? Katikati?"

"Tundu dogo, mama watoto."

"Utalimaliza wewe lile kabati!" Alikuwa ameshasimama, anatafuta ndala zake kwenye vitambaa. "Watu wanakuja mpaka kuliangalia dirishani, wewe unalitoboa kama ungo! Hukuweza kuja kuuliza? Kutoka kwako mpaka hapa kuna mto? Twende."

"Na mpishi je?" mshonaji akauliza.

"Mpishi atangoja."

Mshonaji akakitazama kioo, akatutazama sisi, akapima tamthilia ipi ni tamu zaidi, akazima yake akatufuata.

Dada alipofika sebuleni alikwenda moja kwa moja kwenye tundu. Akalilowesha kwa mate ya kidole, akalisugua, kana kwamba lingefutika. "Masikini," akasema. Sijui alikuwa anaiambia mbao au mwenye mbao. Kisha akasimama mbele ya televisheni, akashika pindo la mtandio wake, akafumba macho. Mkono wake ukaanza kutembea kwenye ubao wa chini, kushoto kwenda kulia, kama anapangusa.

"Hapa napita," akawa anajisemea. "Hapa napita. Hapa kitambaa kilikuwa kinanasa kidogo, kuna kidude, nakizunguka..." Kidole kikasimama, upande wa kulia, karibu kabisa na pembe. "Hapa."

"Una hakika?" Gundi akauliza.

"Wewe uliyetoboa katikati ulikuwa na hakika?"

Akaweka ncha palipokuwa na kidole. Dada hakukiondoa mpaka ncha ilipomgusa ukucha. Kekee ikazunguka taratibu, sisi wanawake watatu tumeinama nyuma yake kama tunamzalisha mtu. Alipovuta ncha nje, nyuma ya unga kikatokeza kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama, kikatukodolea.

"Eh!" mshonaji akasema. "Linatuona!"

Dada akabonyeza. Mtu wa habari akatoweka na bei zake za mafuta. Kioo kikawa cheusi, kisha kikaleta picha mbili za kuchora kando kwa kando, na juu yake swali: nani anatazama? Picha moja ina mwanamke mwenye kilemba, chini imeandikwa Mama. Nyingine ina mzee mwenye masharubu mapana, chini imeandikwa Baba.

Gundi akasogea. "Huyu ni mimi?"

"Ndiye wewe. Mtoto alikufungulia na ya kwako siku ileile."

"Mimi sina masharubu hivyo."

"Alichagua aliyekaribiana. Aliyekaribiana kwa ubishi."

Dada akafungua ya kwake. Hoteli ikajaa ukuta mzima, na ni lazima niseme, ndani ya ile fremu ya mninga mjane alionekana tajiri kuliko alivyokuwa kwa mshonaji. Tukakaa. Mshonaji alijichukulia kochi zuri. Gundi peke yake alibaki amesimama kando ya kabati, anafuta unga wa mbao kwa kiganja, anaukusanya, anautazama. Nilimwona anafungua mdomo, anaufunga. Kwenye hoteli walikuwa wameanza kupigiana kelele, sahani zinavunjika, na katikati ya makelele hayo, akiiangalia ncha ya kekee, akasema kitu.

Dada akainua rimoti, akabonyeza. Kila kitu kikasimama. Mjane akabaki na mkono juu, mdomo wazi, sahani ikining'inia hewani. Kimya kikaingia sebuleni, hata friji lilikuwa limenyamaza.

"Unasemaje, baba watoto?"

"Nani, mimi? Nilikuwa nasafisha koo."

"Lisafishe tena. Jirani hajasikia."

Mshonaji akajiweka sawa kwenye kochi, mikono mapajani, kama aliyelipa kiingilio. Gundi akatutazama mmoja mmoja, akatafuta mahali pa kukimbilia. Hapakuwapo. Watu wote sebuleni wako hai na wanamsikiliza, na wale wa hotelini waliokuwa wanamfunika kwa kelele zao, mkewe amewagandisha.

"Nimesema hukuiharibu," akasema. "Niliiziba mimi. Vidole vyako havikufanya kitu." Akakohoa. "Kipimo nilikosea."

Nilishika mkono wa kochi. Neno hilo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake, na nilimsubiri dada alibandike ukutani kama picha.

"Kipimo hukukosea," dada akamjibu. "Kipimo kiko sawa, hata wembe haupiti. Ulikosea kutoniuliza."

"Ndiyo hivyo. Sikukuuliza." Akaumwaga unga wa mbao kwenye mfuko wa shati. "Na kesho nitapita kwa wale wengine niliowaambia, mmoja mmoja, nikawaeleze."

"Usipite kokote. Hao waliobaki nimekusamehe." Dada akasogea kwenye kochi, akapiga kiganja mahali palipobaki kando yake. "Kaa chini, unatuzibia jicho."

Akakaa. Dada akabonyeza, sahani ikaanguka.